Tupeane uzoefu: Papa G wa Isidingo na wapiga dili tuliowapenda mitaani

Mwanzisha mada, Sinza: Ndugu zangu, nimekutana na kipande cha zamani cha Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1998 na kumalizika Machi 2020. Nilipomwona Georgie Zamdela, yaani Papa G, nilimkumbuka marehemu baba, ambaye alidai kwamba tamthilia ni za kina mama, lakini Papa G akitokea alisogeza kiti. Darlington Michaels alimwigiza vizuri kiasi kwamba hila zake tuliziona na bado tulimtakia heri. Je, mtaani kwenu alikuwapo mtu wa namna hiyo?

Mama wa Magomeni: Alikuwapo, na hadi leo tunamsalimia kwa heshima.

Mkazi wa Ilala: Mnasahau kwamba bingwa wa njama pale Horizon Deep, mji wa mgodi wa kwenye Isidingo, alikuwa Barker Haines. Mwigizaji wake, Robert Whitehead, akitabasamu tu, ulijua kuna mtu anakwenda kuumia.

Mama wa Magomeni: Kaka yangu, Barker alikuwa tajiri anayeangamiza watu, ilhali Papa G alihangaika kama sisi. Usiwaweke kapu moja.

Mkazi wa Ilala: Dada, aliyepoteza akiba yake haulizi kama aliyemtapeli alikuwa mcheshi.

Mzaliwa wa Tandika: Naomba niwasimulie. Jirani yetu muuza mitumba ndiye aliyeshika fedha za upatu wa mama yangu na wenzake. Zamu ya mama ilipofika, naye alikuwa ameshachagua mabati ya kuezekea chumba cha nyuma, jirani aliwaomba wote wavute subira, kwa sababu alikuwa amepata balo la daraja la kwanza, na faida wangegawana. Balo lilifunguliwa uani kwetu, kina mama wamelizunguka. Yalitoka makoti mazito ya baridi, yenye manyoya shingoni, yananuka dawa, katika jua la Januari. Hakuna aliyesema neno. Yeye alichukua moja, akalivaa, akafunga vifungo vyote huku jasho likimtiririka, akaanza kueleza jinsi watu wa Makambako na Njombe watakavyoyagombania. Wallahi, mama alicheka mpaka akakaa chini. Makoti yakapakiwa kwenye basi, jirani akaondoka nayo, na masika yote chumba kile kilivuja. Aliporudi alileta sehemu ya fedha pamoja na gunia la viazi. Mama alihesabu noti mara mbili, akamwambia hesabu haijatimia, kisha akamwekea kigoda na kumpakulia chakula.

Mama wa Magomeni: Huyo ndiye Papa G mwenyewe!

Mwanzisha mada, Sinza: Deni alilimaliza?

Mzaliwa wa Tandika: Kidogokidogo, na mabati ya mwisho aliyabeba mwenyewe.

Mkazi wa Mbagala: Upatu usimkabidhi mfanyabiashara hata siku moja. Fedha zigawiwe palepale zinapokusanywa.

Mkazi wa Kigamboni: Sikubaliani nawe. Mfanyabiashara ndiye anayejua kuzungusha fedha. Muhimu ni daftari likae kwa mtu mwingine, ikiwezekana mkwe wake, maana kwa mkwe ataona haya.

Mkazi wa Ilala: Huyo wa makoti nimemsamehe, kwa kuwa alirudi. Kuhusu Barker, msimamo wangu ni uleule.