Umri wa kunywa pombe Marekani: ushushwe kutoka 21 hadi 18, au uachwe ulivyo?

Mdadisi_K

Wakuu, salaam. Kuna mada ya mdahalo inasema: "Umri wa kunywa pombe kisheria nchini Marekani ushushwe kutoka miaka 21 hadi 18." Tatizo ni kwamba pande zote mbili zinaimba wimbo ule ule. Huku "Ulaya wanakunywa na miaka 16 na mambo yanakwenda", kule "ubongo haujakomaa". Mwamuzi akiuliza swali moja la undani, wote kimya.

Naomba wanaoifahamu mada wanisaidie hapa: nani hasa mwenye mamlaka ya kuushusha? Ushahidi wa ajali una nguvu kiasi gani? Mfano wa Ulaya unashikika? Na tuseme umekubaliwa kushushwa, sheria inaandikwaje isije ikaharibu zaidi? Mahubiri tuyaweke kando kidogo.

Sheria_Kavu

Mkuu Mdadisi, tuanze na kosa linalowaangusha wasemaji wengi. Marekani hakuna sheria ya serikali kuu inayosema mtu wa chini ya miaka 21 asinywe. Marekebisho ya 21 ya Katiba, yale yaliyofuta marufuku ya pombe mwaka 1933, yaliyaachia majimbo kazi ya kupanga mambo ya pombe. Mwaka 1984 Bunge lilipotaka umri mmoja nchi nzima lilipita mlango wa fedha: jimbo litakaloruhusu mtu wa chini ya 21 kununua pombe, au kuwa nayo hadharani, linakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. Reagan akatia saini Julai mwaka huo. Makato yalianza na asilimia 5 kwa mwaka wa kwanza, yakawa 10, na tangu mwaka wa fedha 2012 ni asilimia 8.

Yarudie hayo maneno: kununua, na kuwa nayo hadharani. Kunywa hakumo. Ndiyo maana Wisconsin kijana anaweza kunywa baa akiwa na mzazi wake, Texas vilevile, na majimbo hayo hayapotezi senti. Kuna misamaha ya ibada na ya matibabu pia. Kwa hiyo anayesimama jukwaani kusema Mmarekani wa miaka 20 haruhusiwi kugusa divai mezani kwa baba yake atakuwa amekosea kwa majimbo mengi, na mpinzani makini atamla mzima mzima.

South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia wenye miaka 19 bia ya asilimia 3.2, ilipeleka shauri mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba makato yale ni kishawishi tu, hayajafika kuwa shuruti. Wyoming, jimbo la mwisho kupandisha umri hadi 21, ikafunga mlango mwaka 1988.

Njia za kushusha umri basi ni mbili. Ama Bunge la Marekani libadili sheria ya 1984, ama jimbo lishushe lenyewe na kumeza hasara ya asilimia 8. Hiyo ya pili ni halali hata leo. Hakuna aliyeithubutu, kwa sababu barabara hazijengwi kwa hoja za falsafa.

Jedwali

Mimi nashika upande wa takwimu, na nitawapa pande zote mbili vitu vya kutumia.

Historia kwanza, maana ndiyo iliyogeuka maabara. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ulishuka kutoka 21 hadi 18, na kati ya 1970 na 1975 majimbo kama 29 yalishusha na umri wa pombe, mengine hadi 18, mengine hadi 19 au 20. Ajali za vijana zikapanda. Baya zaidi lilikuwa mipakani: jimbo moja 18, jirani yake 21, vijana wanavuka kwa gari kwenda kunywa kisha wanarudi usiku wakiwa wamelewa. Ukitaka kuelewa kwa nini serikali kuu iliingilia jambo la majimbo, shika hilo la mipaka. Jimbo moja peke yake haliwezi kulitibu.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kuwa sheria za miaka 21 ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 31,000 kati ya 1975 na 2016. Ni makadirio ya kimahesabu, hakuna aliyehesabu maiti ambazo hazikufa. Ukiitaja, itaje hivyo hivyo.

Hoja yenye meno zaidi ni ya Carpenter na Dobkin, wanauchumi, ya mwaka 2009. Waliwalinganisha vijana waliokaribia kutimiza miaka 21 na waliokwisha kutimiza. Watu hao wanafanana karibu kila kitu isipokuwa ruhusa ya kununua pombe. Vifo vinaruka kama asilimia 9 pale pale kwenye 21, hasa ajali za magari na kujiua. Huwezi kusema ni mikanda ya usalama au magari bora, maana wote wanaendesha magari yale yale katika mwaka ule ule.

Lakini msishangilie mapema. Mtu anaweza kuuliza: je, huo si mruko wa uhuru mpya, ambao utatokea popote utakapouweka mstari? Canada, ambako mstari ni 18 au 19 kutegemea mkoa, utafiti wa namna hiyo ulikuta mruko kwa wanaume pale pale kwenye umri wao wa kisheria. Upande wa kushusha watasema: umeona, unauhamisha tu. Upande wa kuacha watajibu: ukiuhamishia kwenye 18 unaupeleka kwa dereva aliyeshika usukani miaka miwili tu. Mimi naona jibu la pili lina uzito kuliko la kwanza, ila si kwa mbali kama watu wanavyodhani.

Ngano_Chungu

Jedwali umeeleza vizuri, lakini umewapendelea wanaotaka 21 ibaki. Mwanauchumi Jeffrey Miron na mwenzake walichambua jimbo kwa jimbo, na wakakuta punguzo la vifo lilitoka zaidi kwenye majimbo machache yaliyopandisha umri mapema kwa hiari yao. Yale yaliyobanwa na makato ya 1984 hayakuonyesha mabadiliko ya maana. Ukiacha hilo, Canada haikupanda hadi 21, na ajali zake za ulevi nazo zilishuka katika miaka ya 1980. Kitu kingine kilikuwa kinafanya kazi: doria, adhabu, na kampeni za akina mama waliopoteza watoto barabarani.

Halafu kuna hoja ambayo mamia ya maprofesa hawawezi kuizunguka. Mwaka 2008 John McCardell, aliyewahi kuwa rais wa chuo cha Middlebury, alianzisha tamko lililotiwa saini na marais wa vyuo zaidi ya 130 wakitaka mjadala wa 21 ufunguliwe upya. Sababu yao ilikuwa ya kivitendo. Mwanafunzi wa miaka 19 haachi kunywa, anahamia chumbani. Kule anakunywa pombe kali haraka haraka kabla ya kwenda kwenye sherehe, kwa sababu chupa ndogo ya vodka inafichika kirahisi kuliko katoni ya bia. Sheria imembadilishia kinywaji, kasi na mahali, na yote matatu yameelekea kubaya.

Nesi_wa_Zamu

Ngano_Chungu, hiyo ya kujificha ni kweli, na inaua kwa namna moja mahususi: wenzake wanaogopa kupiga simu. Ila dawa yake ipo bila kugusa umri. Majimbo mengi ya Marekani sasa yana sheria ya kutomshtaki kijana aliyeita msaada kwa ajili ya mtu aliyelewa kupita kiasi, na vyuo vingi vina kanuni ya aina hiyo. Zinaposhindwa ni pale kinga inapomlinda aliyepiga simu ikamwacha mgonjwa, au inapohusu polisi tu huku chuo kikibaki na adhabu yake. Wanafunzi wanalijua hilo haraka sana.

Na kwa kuwa wapo watakaosoma hapa: mtu hapaswi kuachwa "alale pombe iishe". Kiwango cha pombe kwenye damu huendelea kupanda hata baada ya kuacha kunywa, kwa sababu iliyomo tumboni bado inaingia. Dalili za hatari ni kutoamka hata akibanwa, kupumua chini ya mara 8 kwa dakika, kukaa zaidi ya sekunde 10 bila pumzi, ngozi ya baridi au ya bluu, na kutapika akiwa hajitambui. Piga simu ya dharura, mlaze ubavu, usimwache. Kahawa na maji ya baridi havifanyi lolote kwenye pombe iliyokwisha kuingia damuni.

Kuhusu ubongo: sehemu ya mbele, ile ya kujizuia na kupima hatari, inaendelea kukomaa hadi karibu katikati ya miaka ya ishirini. Hiyo ni sahihi. Lakini haikupi 21. Ukiifuata kwa uaminifu inakupa 25, na hakuna anayeitaka hiyo. Msemaji mjanja aitumie kuonyesha kwamba kuchelewa kuanza kuna faida, asiitumie kuthibitisha namba.

Jedwali

Ulaya niliiruka, niimalizie. Ujerumani inaruhusu bia na divai kwa miaka 16, pombe kali 18. Wanaoishika kama mfano wasahau habari ya "wanajifunza kunywa kistaarabu". Tafiti za wanafunzi wa miaka 15 na 16 zimekuta mara kwa mara kwamba nchi kama Denmark, Austria na Ujerumani zina unywaji mkubwa kuliko wa Marekani katika umri huo. Halafu angalia nchi zinaelekea wapi: Ufaransa ilikwenda 18 mwaka 2009, Italia 2012, Uholanzi 2014 ikitoka 16, na Lithuania ikaruka hadi 20 mwaka 2018. Japani ilishusha umri wa utu uzima hadi 18 mwaka 2022, ikaiacha pombe kwenye 20.

Nchi iliyoshusha kweli ni New Zealand, kutoka 20 hadi 18 mwaka 1999. Ajali zilipanda kwa wenye 18 na 19, na pia kwa wenye 15 hadi 17, ambao sheria haikuwagusa. Sababu ni rahisi: mwenye 18 yuko darasa moja na mwenye 17, lakini mwenye 21 hayuko. Ukishusha hadi 18 umeweka mnunuzi halali ndani ya sekondari.

Pengo la barabara nalo: vijana wengi wa Ulaya wana treni na basi la usiku. Kijana wa kitongoji cha Marekani ana gari, basi.

Mdadisi_K

Asanteni sana wakuu. Hiyo ya mnunuzi ndani ya sekondari sikuwa nayo kabisa. Swali la mwisho: tuseme upande wa kushusha umeshinda. Unaandika nini? Na ile hoja ya "anaruhusiwa kufa vitani lakini hanywi bia" ina thamani?

Sheria_Kavu

Ya vitani ni nzuri kwa makofi. Mpinzani atajibu kwamba Marekani haina mstari mmoja wa utu uzima: bastola dukani ni 21, tumbaku nayo ni 21 tangu Desemba 2019, ubunge 25, urais 35. Itaje mara moja, usiegemee.

Kwenye uandishi, 18 ya jumla ndiyo rasimu dhaifu kuliko zote. Chukua ya Sweden: baa na mgahawa 18, duka la serikali la pombe 20. Anayenunua baa anakunywa mbele ya mhudumu, hapeleki katoni kwa mdogo wake. New Zealand walijadili mgawanyo kama huo bungeni mwaka 2012, wakaishia kubaki na 18 kote.

Ukiweka 19 badala ya 18 unaitoa sekondari karibu yote. Mikoa mingi ya Canada ndivyo ilivyo.

Halafu mtego ambao karibu wote wanausahau: sheria ya 1995 inayoyataka majimbo yamhesabu dereva wa chini ya 21 kuwa mlevi akifikisha asilimia 0.02 kwenye damu. Nayo imefungwa kwa fedha za barabara. Ukishusha umri wa kunywa bila kuigusa, umemruhusu mtu bia ambayo inamtia hatiani akikaa nyuma ya usukani.

Jedwali

Hesabu ya hilo ni hii. Kinywaji kimoja cha kipimo cha Marekani ni gramu 14 za pombe halisi: mililita 355 za bia ya asilimia 5 (355 × 0.05 × 0.789). Gawanya kwa uzito wa mwili na kipengele cha maji ya mwili, takriban 0.68 kwa mwanaume na 0.55 kwa mwanamke. Mwanaume wa kilo 70: 14 ÷ (70,000 × 0.68), unapata asilimia 0.029. Mwanamke wa kilo 55: 0.046. Mwili unaondoa kama 0.015 kwa saa. Kwa hiyo bia moja inamweka mwanaume juu ya mstari kwa dakika 40 hivi, mwanamke kwa karibu saa moja na dakika 45. Ni makadirio, tumbo tupu au lililoshiba linabadilisha mambo.

Binafsi ningeiacha 0.02 ilivyo na kuiandika wazi kwenye rasimu. Ndiyo inayomjibu anayeuliza "na ajali je?"

Ngano_Chungu

Hapo tunakubaliana kwa mara ya kwanza. Ongeza na vitambulisho: majimbo mengi huwapa walio chini ya 21 leseni ya wima yenye tarehe watakayotimiza 21, na mhudumu amezoea kukataa wima bila hata kusoma. Rasimu iseme leseni mpya zinatoka lini na za zamani zinakubalika hadi lini, la sivyo mwenye 19 aliye halali atafukuzwa kila mlango na kurudi kule kule chumbani.