Mzinga B-4 wa mm 203 kwa skeli 1/35: madoa baada ya woshi, ekseli kupasuka, kutu kuzidi

mtutu_35

Wakuu, salaam. Nina B-4 mezani, ule mzinga mzito wa Kisovieti wa mm 203 unaokaa juu ya minyororo kama trekta. Rangi ya msingi ni akriliki ya Tamiya XF-58 (kijani cha zeituni), imepulizwa juu ya praima ya kijivu. Siku iliyofuata nimepitisha woshi ya enameli ya kahawia (rangi iliyozimuliwa sana ili ikae kwenye mifereji na kona) modeli nzima, moja kwa moja juu ya rangi isiyong'aa.

Sasa hali ndiyo hii. Kwenye mabapa makubwa ya gari la mzinga kumebaki madoa yenye kingo, kama alama za kikombe cha chai mezani, na nikifuta kwa waitispiriti yanahama tu. Ekseli mbili za magurudumu zimepasuka zenyewe usiku, bila kuguswa. Mshono wa mtutu haukuonekana kwenye plastiki tupu, lakini baada ya woshi umejichora mstari mweusi kutoka mdomoni hadi nyuma. Tena nimeweka kutu ya rangi ya chungwa kwenye mtutu na mkia, na mzinga umefanana na chuma chakavu kilichotupwa, wakati nataka uonekane uko kazini, Karelia, mpakani mwa Ufini, majira ya baridi ya 1940. Kuna kinachookoleka bila kuvua rangi yote?

Msasa600

Kinaokoleka, ila acha kufuta kwanza. Rangi isiyong'aa ni kama chungu kipya: inakunywa. Kila ukifuta unaishindilia enameli ndani zaidi, na pale waitispiriti inapokauka mwisho ndipo inapoacha ukingo. Ndiyo maana madoa yanahama badala ya kutoka.

Iache siku tatu ikauke kabisa. Kisha changanya rangi ileile ya msingi, sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 4 za thina X-20A, upulize kama ukungu juu ya mabapa kwa presha ya psi 15 hivi, umbali wa sentimita 10. Usifunike madoa yote. Ukiyafifisha kwa robo tatu yatakayobaki yatasomeka kama tofauti ya kawaida ya rangi kwenye bapa, na hiyo unaihitaji.

Baada ya hapo ndipo vanishi inayong'aa: X-22, sehemu 1 kwa thina 2, tabaka mbili nyepesi zinazopishana dakika 15, halafu saa 24 bila kugusa. Kwa aliye pwani asubiri saa 48, na asipulize asubuhi yenye unyevunyevu wala wakati wa mvua, hasa akitumia thina ya laka. Laka ikikauka haraka hewa yenye maji mengi huganda juu yake na vanishi inageuka nyeupe kama maziwa. Ikishatokea, pitisha ukungu wa thina tupu siku kavu. Mara nyingi weupe hupotea.

Woshi yenyewe haipakwi modeli nzima. Chukua brashi namba 0, gusa kichwa cha ribiti au kona ya bapa, uache woshi ikimbie yenyewe kwenye mfereji. Subiri dakika 20 hadi 30, ndipo ufute ziada kwa brashi iliyolowa kidogo tu, ukivuta kuelekea chini kama mvua inavyotiririka.

Ekseli: enameli haikuyeyusha plastiki. Ekseli iliingizwa kwa nguvu kwenye tundu dogo, kwa hiyo plastiki ilikuwa imebanwa. Waitispiriti ilipotuama kwenye kiungo ikapenya mahali pasipo na rangi, na plastiki iliyobanwa ikapasuka. Ndiyo maana imetokea kwenye ekseli na siyo kwenye bapa. Toboa ncha zote mbili kwa keekee ya mm 1, tumbukiza waya wa shaba wa mm 1 wenye urefu wa mm 8, funga kwa tone la supagluu. Kwa magurudumu yaliyobaki, pitisha msasa uliokunjwa ndani ya tundu mpaka gurudumu liingie kwa kusukumwa na kidole kimoja, na upake praima hata sehemu itakayofichika.

Mshono wa mtutu nao una sababu. Gundi ya plastiki ya majimaji inalainisha plastiki, na plastiki hiyo huendelea kunywea siku kadhaa. Ukipiga msasa siku ileile, unasawazisha kitu ambacho kesho kitazama. Vipande viwili vya mtutu vibanwe mpaka ute wa plastiki utoke kwenye mshono, viachwe saa 48, kisha ute ukwanguliwe kwa mgongo wa kisu. Wewe kwa sasa kwangua mstari, jaza kwa supagluu nzito, na ndani ya saa moja piga msasa 400, 600, halafu 1000. Usichelewe hadi kesho, maana supagluu ikikomaa inakuwa ngumu kuliko plastiki na msasa utakula pembeni.

Usipige msasa kwa kwenda na kurudi kando ya mshono, utatengeneza ubapa na mtutu hautakuwa duara. Kata utepe wa msasa wenye upana wa sentimita 1, uzungushe kwenye mtutu, uvute huku na huku kama mng'arisha viatu anavyovuta kitambaa. Kisha tabaka jembamba la praima, uangalie kwa taa ya pembeni.

Pima pia. Mtutu halisi una urefu wa kipenyo chake mara 25, karibu mita 5.09, kwa hiyo kwenye 1/35 utapata mm 145. Tundu la mdomo liwe mm 5.8. Likiwa dogo zaidi, au ukuta wake mnene kama bomba la maji, panua kwa tupa ya duara.

DadaRangi

Msasa600 amemaliza upande wa ufundi. Mimi niseme kuhusu kutu, kwa sababu hapo ndipo mizinga mingi mizuri inapoharibikiwa.

Mzinga ulio kazini una watu wanaoutunza kila siku. Mtutu unapakwa rangi, na chuma kisicho na rangi kinapakwa mafuta. Kutu ya rangi ya chungwa ni ya chuma kilichoachwa miaka. Kwa hiyo iondoe yote kwenye mtutu. Iache nyembamba, ya kahawia iliyokolea, kwenye minyororo, kwenye jembe la mkia linalozama ardhini, na chini ya vichwa vya bolti chache ambako maji hutuama. Basi.

Badala ya kutu, fuata kazi ya mzinga. Sehemu ya mtutu inayoteleza wakati wa mrejeo, yaani mtutu unaporudi nyuma baada ya kufyatua, ni chuma kitupu chenye mafuta: paka kijivu cha chuma, sugua kwa unga wa risasi ya penseli 4B, halafu vanishi inayong'aa kidogo. Kifunga nyuma cha B-4 ni cha skrubu yenye mapengo. Mkono wake na nyuzi zake zing'ae, kwa sababu hufunguliwa kila risasi. Magurudumu ya mkono ya kuinulia na kugeuzia mtutu yachubuke kwenye ukingo, siyo kwenye spoku. Ngazi na majukwaa wanaposimama wapiganaji, rangi iliwe katikati, siyo pembeni. Kombora lina uzito wa kilo 100 na hupandishwa kwa kreni ndogo ya hapohapo, kwa hiyo weka mikwaruzo mirefu kwenye sinia la kupakilia, ikielekea upande mmoja tu.

Mdomo wa mtutu: weusi ukae ndani ya tundu, na ukungu wa kijivu usiozidi mm 2 usoni. Usiunguze rangi nje. Mzinga huu ulitoa risasi moja kwa dakika mbili hivi, mtutu haukupata joto la kuunguza rangi yake.

Michubuko ifanye kwa kipande cha sponji kilichochanwa. Chovya, gusa karatasi mara tano mpaka karibu kikauke, ndipo uguse kingo. Michubuko mingi ionyeshe kijani cheupe zaidi, yaani rangi iliyokwanguka juujuu. Ile michache iliyozama ndiyo ionyeshe kahawia ya chuma. Ukiweka kahawia kila mahali utarudi kwenye chuma chakavu.

Kuhusu rangi ya msingi, XF-58 peke yake ni nzito mno kwa 1/35. Kijani cha Kisovieti cha 4BO nakichanganya sehemu 6 za XF-58 kwa 2 za XF-4 (kijani cha manjano), na kwa mabapa yanayotazama juu naongeza sehemu 1 ya XF-57 (kahawia nyepesi ya mchanga). Ule ukungu wa Msasa600 ndio wakati wa kusahihisha hili.

Kwa Karelia huenda ukataka chokaa ya majira ya baridi, yaani weupe wa kuuficha mzinga kwenye theluji. Funga kijani kwa vanishi, puliza sprei ya nywele tabaka mbili, subiri dakika 15, puliza XF-2 (nyeupe) nyembamba isiyofunika kikamilifu. Ndani ya nusu saa lowesha kwa maji vuguvugu na usugue kwa brashi fupi ngumu pale mikono na buti zinapopita. Ukisubiri mpaka kesho XF-2 itang'ang'ania na itatoka vipande vikubwa kama ganda la yai. Na vumbi usiweke kabisa. Ardhi ilikuwa imeganda, vumbi lingetoka wapi?

mtutu_35

Asanteni sana, nimeelewa kosa la vanishi na la kutu. Mawili yamebaki. Minyororo ya seti hii ni ya vinili laini, siyo plastiki ngumu, na rangi inapasuka nikiikunja. Na kwa udongo nimechuja udongo mwekundu wa uani kwa kitambaa cha soksi. Utafaa?

BapaNaBolti

Vinili: ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, isuguliwe kwa mswaki, maana mafuta ya kiwandani ndiyo yanayokataa rangi. Ivae kwenye magurudumu kwanza, ifungwe, ndipo ipakwe rangi, ili isikunjwe tena. Tumia akriliki pekee. Enameli juu ya vinili tupu inaweza kukaa wiki nzima inanata kidoleni. Mnyororo wa juu unatakiwa kulala kwa uzito wake, na vinili inapenda kusimama kama mpira. Ubandike kwenye magurudumu ya juu kwa supagluu ukiukandamiza kwa kijiti cha meno dakika moja kila sehemu.

Kumbuka mzinga huu hauna injini, unavutwa. Hakuna gurudumu la meno linaloendeshwa na injini likila mnyororo kwa ndani kama kwenye kifaru, kwa hiyo usiung'arishe ndani. Ng'arisha kidogo tu nyuso zinazokanyaga ardhi, kwa penseli.

Udongo mwekundu, hapana. Si rangi ya Karelia, na jicho litasema Tsavo kabla ya kuangalia mzinga. Halafu hata ukichujwa, chembe ya mm 1 kwenye 1/35 ni kokoto ya sentimita 3.5. Tumia poda ya rangi ya msanii, kahawia iliyokolea na kijivu, uichanganye na plasta ya Paris kijiko kimoja kwa kimoja na matone ya gundi nyeupe iliyozimuliwa. Pachika kwenye jembe la mkia na chini ya minyororo tu, kisha theluji juu yake.

Jambo ambalo wengi hulisahau: mtutu wa B-4 unageuka upande kwa nyuzi 8 tu kwa jumla. Shabaha ikiwa nje ya hapo, gari zima lenye tani 17 na zaidi lilibidi ligeuzwe. Kwa hiyo kwenye diorama, yaani mandhari ndogo ya kuweka modeli, usiweke theluji safi kuzunguka mkia. Weka mtaro wa zamani wa jembe, umejazwa nusu, pembeni ya ule mpya, na alama za minyororo zilizopinda. Hiyo inaeleza kazi ya mzinga kuliko kutu yoyote.

Na kabla hujaubandika kwenye diorama, jaribu kuinua mtutu. Halisi ulifika nyuzi 60, lakini mtutu wa modeli ni mzito mbele na pini za plastiki hulegea, hivyo baada ya miezi utauona umeinama. Weka waya wa shaba wa mm 1 kwenye mhimili, au chagua mwinuko mmoja uugundishe hapohapo.

KilindiniModeli

Naomba kupenyeza swali. Nataka kutengeneza mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, kama ule ulioko Fort Jesus, Mombasa. Uchakazaji huu unafaa?

DadaRangi

Unafaa, ila chagua kwanza mwaka. Meli iliangamia Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ya mm 105 ikaopolewa na kutumika nchi kavu. Ukipiga picha ule wa Fort Jesus leo utanakili tabaka nyingi za rangi ya makumbusho zilizolainisha kila ukingo, na chumvi ya bahari. Hiyo ni sawa kama unatengeneza mzinga wa makumbusho. Kwa ule wa vitani, kingo ziwe kali, chuma cha kifunga kiwe na mafuta, na hapa ndipo ule udongo mwekundu unaweza kupata kazi, kutegemea mahali unapouweka.

Mtutu ni wa kipenyo mara 40, yaani mita 4.2, kwa hiyo mm 120 kwenye 1/35, na tundu la mm 3. Usihangaike na plastiki: nunua bomba la shaba lenye tundu hilo, uliongezee unene kwa hatua kuelekea nyuma kwa kuvisha mabomba makubwa zaidi. Shaba ioshwe kwa siki, ikaushwe, ipigwe praima ya chuma siku hiyohiyo kabla vidole havijaigusa tena, la sivyo rangi itabanduka kwenye masking tepu ya kwanza.

Msasa600

Niongeze hapo: mabomba ukishayavisha, yajaze supagluu nyembamba kwenye kila hatua kabla ya msasa. Pengo lisiloonekana kwa macho litanyonya woshi na kukuchorea pete nyeusi, tatizo lilelile lililoanzisha mada hii.