Uliwahi kuambiwa sanaa hii si ya jinsia yako? Tupeane uzoefu

Binti Buguruni: Jana kwenye harusi ya jirani binti kapiga tumba, watu wazima wakamzomea. Imeniuma. Yaliyowakuta, mwageni hapa.

Mkono wa Ngozi: Umenitonesha, dada. Tuliitwa kwenye sherehe Magomeni. Wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio, mjomba wa bwana harusi kapanda jukwaani, kavuta tumba mkono wangu ungali juu yake, kashika kipaza sauti: "Huyu akakate mauno mbele, kazi hii ina wenyewe." Ukumbi mzima kicheko. Kiongozi wa bendi, niliyefanya naye mazoezi, akanipa ishara nishuke. Nikakaa nyuma ya spika nalia, namsikia kijana aliyepewa nafasi yangu anapotea kwenye sebene. Na malipo wakanikata nusu, eti sikupiga!

Wa Tandika: Pole sana. Yapo haya.

Mzee wa Ilala: Pole binti, lakini kwa mila zetu mwanamke hapigi ngoma.

Somo Mbagala: Mila zipi, mzee wangu? Unyagoni anapiga nani? Bi Kidude kapiga msondo, ngoma ya unyago, mpaka uzeeni, na mwaka 2005 WOMEX, maonyesho ya muziki ya kimataifa, wakamtuza.

Mzee wa Ilala: Unyago ni wa ndani, wanawake kwa wanawake. Hadharani ni mengine.

Somo Mbagala: Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ikauzwa kwenye santuri. Hapo palikuwa ndani? Mnakubali kuwa tunaijua ngoma, ila hamtaki kutuona tukilipwa kwayo.

Mchora Piko: Na sisi wanaume je? Napaka maharusi hina na piko Kariakoo. Bibi harusi kanikubali, shangazi yake kanitoa mlangoni. Siku hizi nachora maua kwenye karatasi, dada yangu anayahamishia mkononi mwa mteja. Sifa zote zake.

Kaka wa Vinyago: Hata Wamakonde, kuchonga kwa wanaume, kufinyanga kwa wanawake. Dada yangu anapiga msasa kutwa nzima, wateja wanamwita muuzaji.

Wa Tandika: Mkono wa Ngozi, anzisheni kundi la wanawake watupu.

Kaka wa Vinyago: Wapi! Mtaitwa kwenye kitchen party tu. Komaa humo humo.

Somo Mbagala: Kwanza adai nusu yake. Na yule mjomba alipe.

Binti Buguruni: Uliacha?

Mkono wa Ngozi: Niache? Nina bendi nyingine, Jumamosi tuko Sinza. Mchora Piko, mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, njoo umpake kwa mkono wako mwenyewe.

Mchora Piko: Nakuja. Ila niambie mapema, mashangazi wenu wakoje?