Gumzo la Watu wa Chumbageni: Jumatatu Berlin

Dada Mkubwa: Jamani walioko Ujerumani, mko wapi? Tangu juzi kimya. Mama hajalala.

Mama Neema: Tupo dada, shikamoo. Tumeingia Berlin jana usiku wa manane. Simu zilizima, chaja zimo kwenye mabegi, na mabegi hayajafika. Hii chaja nimeazima hapa tulipofikia.

Dada Mkubwa: Marahaba. Hayajafika kivipi?

Mama Neema: Ndege ya Dar ilichelewa kwa saa nne. Tunatua pale pa kuunganisha, ya pili imeshaondoka. Tumelala uwanjani kwenye viti, watoto nikawafunika kanga zangu mbili. Jana jioni ndiyo tukapata nafasi nyingine. Kufika hapa tukasubiri kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukasimama. Mabegi manne, hata moja halikutokea.

Kaka Moshi: Poleni sana. Mmeandikisha?

Baba Neema: Tumeandikisha, namba tunayo. Ukipiga wanakwambia yanafuatiliwa.

Mama: Watoto wamekula?

Mama Neema: Shikamoo Mama. Wamekula. Ila Neema hana sweta, na asubuhi palikuwa na manyunyu. Juni ya huku si Juni ya Tanga.

Mama: Marahaba mwanangu. Mvishe kanga, umfunge kwa nyuma.

Shemeji Lindi: Poleni jamani. Na mjusi wetu, yule dinosaria wa makumbusho? Mmemwona?

Baba Neema: Mwanyumba, hilo limeniuma kuliko mabegi. Tulipanga Jumapili, Jumapili yenyewe imeishia uwanja wa ndege. Leo tumekwenda mpaka mlangoni, kumbe makumbusho yanafungwa kila Jumatatu. Nilikuwa nimemwahidi Neema mnyama wa mita 13 kwenda juu.

Shemeji Lindi: Msiondoke bila kumwona, nawaomba. Mifupa ile ilichimbwa kilima cha Tendaguru, huku mkoani Lindi, kuanzia 1909 mpaka 1913, na wazee wetu ndio walioibeba kichwani mpaka Lindi mjini, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hapa kwetu hatuna hata picha nzuri.

Baba Neema: Kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Nakupigia video.

Dada Mkubwa: Sasa siku nzima mmeshinda wapi?

Mama Neema: Pale mlangoni mdogo akaanza kulia, na mimi machozi yalinilengalenga. Siku tatu hatujabadilisha nguo. Baba Neema akasema bustani ya wanyama hapa haifungwi siku yoyote, twende tukakae tu. Tukapanda treni mpaka kituo cha Zoologischer Garten. Ukitoka kituoni umeshafika, imo katikati ya mji.

Kaka Moshi: Utoke Tanzania ukaangalie tembo Ulaya? Mkomazi iko hapa jirani.

Mama Neema: Kaka, tembo hata hatukuwafuata, zaidi ya wale wawili wa mawe waliopiga magoti langoni, wamebeba nguzo mgongoni. Mdogo aliwakumbatia, akanyamaza. Sikuhitaji kuona mnyama mpya. Nilihitaji benchi, miti, na watoto wasivutwe mkono na mtu.

Baba Neema: Mimi nilikaa kwa viboko. Bwawa lina kioo ubavuni, unamwona kiboko akitembea chini ya maji kama amesahau uzito wake. Bustani hii ni ya 1844. Vita vya pili vilipoisha, kati ya maelfu ya wanyama walibaki 91 tu. Mmoja alikuwa kiboko dume mchanga, Knautschke, na kwa miaka mingi watu wa mji wakaendelea kuja kumwangalia. Nimewaza sana juu ya hilo. Mji umebomoka, watu wana njaa, na bado mtu anatembea kwenda kumwona kiboko.

Dada Mkubwa: Na panda?

Mama Neema: Wapo, na mapacha waliozaliwa Agosti 2024. Mmoja alikuwa amelala juu ya mti, miguu inaning'inia. Lakini Mama, ninayetaka kukusimulia ni Fatou.

Mama: Fatou nani?

Mama Neema: Gorila jike. Aliletwa hapa 1959, mtoto wa kama miaka miwili. Mwaka 2025, Aprili 13, walimfanyia sherehe ya kutimiza miaka 68. Hajulikani gorila mwingine duniani mwenye umri huo. Porini wengi hawafiki 40.

Mama: 1957! Mbona ni mwaka wangu mimi.

Mama Neema: Ndiyo maana nilikukumbuka pale pale. Meno yameisha, kwa hiyo wanampikia mboga mpaka zilainike. Viungo vinamsumbua, na hasikii vizuri. Wamempa sehemu yake peke yake, vijana wasimsumbue.

Mama: Peke yake? Hana wa kuzungumza naye?

Mama Neema: Watunzaji wanakaa naye, Mama. Walisema akiwa mzee kiasi hiki, wenzake wanamchosha. Tulipofika alikuwa anapanga nyasi kavu. Anachukua konzi moja, anaiweka chini ya goti, anaipapasa, anaona haijakaa sawa, anaiondoa, anaiweka tena. Kucha nyeusi, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya kwako. Hana haraka hata kidogo. Alipomaliza akaegemea, akatazama upande wetu.

Mama Neema: Tulikaa kama saa nzima. Hakuna aliyeuliza mabegi. Neema akavua viatu, akanilalia mapajani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, huyu anakaa kama Bibi akisubiri chai."

Mama: 😭 Mjukuu wangu.

Dada Mkubwa: Nimesoma hii nikiwa ofisini, nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mama: Mboga wanazompikia wanatia chumvi?

Mama Neema: Sidhani, Mama.

Mama: Vizuri. Sisi wa 1957 chumvi tumekatazwa. Na baridi ikiwa kali wanamwingiza ndani?

Mama Neema: Ana nyumba yenye joto. Anatoka akitaka mwenyewe.

Mama: Basi ametunzwa. Mungu awabariki wanaomtunza.

Kaka Moshi: Narudisha maneno yangu ya Mkomazi. Tuma picha ya huyo bibi.

Mama Neema: Sikupiga. Simu ilikuwa imezima, nikaiacha mfukoni. Neema anamchora sasa hivi, nyuma ya ile karatasi ya mabegi.

Baba Neema: Nakala. Halisi ninayo mimi 😀

Baba Neema: Subirini, wanapiga kutoka uwanjani.

Dada Mkubwa: Enhe?

Baba Neema: Begi moja limefika. Wanalileta usiku huu. Jekundu, lenye utepe wa kitenge.

Mama: Si ndilo lenye sweta ya Neema?

Mama Neema: Ndilo, Mama.