Waifai ya gesti imeniponza, ukurasa wa biashara umechukuliwa. Naanzia wapi?

MamaVitenge_Moro

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu, leo siku ya tatu sipati usingizi.

Mimi nauza vitenge hapa Morogoro, mzigo nachukua Kariakoo. Wiki iliyopita nililala gesti moja kule. Bando lilikuwa limeisha, nikaomba waifai pale mapokezi, dada akanipa kikaratasi chenye jina la mtandao na neno la siri. Kufungua simu nikaona majina mawili yanayofanana herufi kwa herufi, moja lina kikufuli, jingine halina. Lile la kikufuli likawa linazunguka tu haliingii, nikagusa la wazi. Likakubali palepale, ukafunguka ukurasa: "Karibu mgeni wetu, ingia kwa barua pepe yako", na chini yake kisanduku cha neno la siri. Nikajaza. Nilikuwa na haraka ya kuwatumia wateja picha maduka hayajafungwa.

Neno langu la siri ni jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa. Ndilo hilohilo la barua pepe, la ukurasa wa biashara, la kila mahali. Nimelitumia miaka.

Jumamosi alfajiri mteja wangu wa Mikumi akanipigia: "Mama, mbona umebadilisha namba ya kulipia?" Alikuwa ameshatuma 70,000 ya doti mbili. Namba yenyewe siijui. Nikakimbilia ukurasa, neno la siri linakataa. Barua pepe inafunguka kama kawaida, nadhani hiyo imesalimika. Ila kinachonishangaza, sikupata hata ujumbe mmoja wa kunijulisha kwamba neno la siri la ukurasa limebadilishwa.

Je, ile waifai ilisoma simu yangu yote? Na namba ya siri ya pesa za simu nayo wameiona? Yule mteja ananiamini tangu naanza na meza moja sokoni, ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Chipukizi_IT

Pole sana dada. Flashi simu yote, halafu weka VPN, ile programu ya kuficha mawasiliano yako. Waifai za bure usiziguse tena maishani.

FundiMkongwe_Tanga

Dada pole. Usiflashi simu kwanza, utapoteza picha za wateja na tatizo litabaki palepale, maana haliko kwenye simu.

Nimeendesha intaneti kafe hapa Tanga miaka tisa, haya mambo nimeyaona kwa macho. Wakati ule hofu ya waifai ilikuwa na msingi mkubwa. Tovuti nyingi zilikuwa zinapitisha mambo yako wazi hewani, aliyekaa meza ya pili anaweza kuyadaka. Mwaka 2010 mtengeneza programu mmoja, Eric Butler, alitoa kiprogramu cha Firesheep cha kuweka kwenye kivinjari cha Firefox. Mtu alikuwa anabonyeza tu, anaingia kwenye Facebook ya jirani yake aliye kwenye waifai hiyohiyo. Alikitoa ili kampuni zishtuke, na kweli zilishtuka: kufikia 2013 Facebook ilikuwa imemwekea kila mtu njia iliyofungwa, ile ya https. Siku hizi benki, barua pepe na WhatsApp vyote vinapita kwenye njia zilizofungwa namna hiyo. Kwa hiyo waifai haikusoma simu yako, dada. Kilichofanyika ni kwamba ulidanganywa ukaandika neno la siri mwenyewe.

Lile jina la pili ni mtego. Mtu yeyote anaweza kuwasha hotspoti ya simu yake akaipa jina la gesti, hakuna kinachomzuia. Halafu anakuwekea ukurasa wa kukaribisha. Ukurasa halali wa waifai ya hoteli utataka namba ya chumba, au vocha, au namba ya simu. Neno la siri la barua pepe yako ni la wewe na barua pepe yako, gesti haina kazi nalo. Ukiona limeulizwa, zima waifai papo hapo. Na huo mtandao ingia kwenye mipangilio ya simu uufute kabisa, usahaulike, la sivyo siku ukipita pale simu itajiunga yenyewe bila kukuuliza.

Pesa za simu: kama unatumia menyu ya nyota na reli, ile *150, haipiti kwenye waifai hata kidogo, inapita kwenye laini. Hawakuiona. Lakini kama namba ya siri ni ule mwaka wa mtoto, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma hapa, maana mwaka huo umo kwenye neno la siri walilochukua.

Sasa barua pepe. Mimi nina wasiwasi nayo kuliko ukurasa. Kufunguka si kusalimika. Mwizi mzoefu habadilishi neno la siri la barua pepe, anakuachia uendelee kuitumia naye anakaa kimya nyuma yako, kwa sababu kila akaunti, neno lake la siri likisahaulika, inafunguliwa upya kwa kupitia hapo. Zile taarifa ambazo hukuziona zilikuja, kuna kitu kilizizuia. Tafuta kompyuta ya mtu unayemwamini, si ya kafe. (Kwangu niliwahi kukuta kidude kama ncha ya kidole kimechomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta, kinanakili kila herufi inayobonyezwa. Sikujua kimekaa siku ngapi, na nilikuwa na wateja wa kila siku.) Fungua Gmail humo, nenda kwenye mipangilio, angalia vichujio (zile amri za kupanga au kufuta barua zenyewe) na sehemu ya kutuma nakala kwa anwani nyingine. Kwenye programu ya simu huoni hayo. Kisha badilisha neno la siri, toa vifaa vyote usivyovijua, hakikisha namba ya kurejesha akaunti ni yako, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Hayo yakiisha ndipo uombe kurudishiwa ukurasa. Ukianza na ukurasa kabla ya barua pepe, watauchukua tena jioni hiyohiyo.

Neno jipya liwe refu. Chukua maneno manne yasiyojuana, mfano kinu, reli, tembele, jumatano, ila usitumie haya niliyoyaandika. Kila akaunti iwe na lake. Utasema huwezi kuyakumbuka yote: yaandike kwenye daftari, liweke kabatini chini ya khanga. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini kwako. Au tumia Bitwarden, programu ya kutunza maneno ya siri, ni bure.

Mdogo wangu Chipukizi, VPN ingemsaidia nini hapa? Neno la siri alilitoa kwa mkono wake kwenye kisanduku.

Bi_Hesabu

Nyongeza ndogo. Nenda polisi ukachukue RB, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na mteja naye akatoe maelezo. Ile namba ya tapeli itume kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Piga *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa NIDA yako usiyoijua. Na wateja wako wapigie kwa sauti, mmoja mmoja. Ujumbe wa maandishi sasa hivi hawataamini ni wewe.

MamaVitenge_Moro

Nimerudi wakuu. Nimetumia kompyuta ya mwalimu jirani yangu. Kaka Fundi, kilikuwepo. Kichujio kimoja: kila ujumbe wenye jina la ukurasa wangu unapelekwa kwenye anwani nisiyoijua, halafu unatupwa kwenye tupio. Kwenye tupio nimekuta ujumbe kumi na moja, wa kwanza wa saa tano usiku ileile niliyolala gesti. Nilivyouona nilikaa kimya, mwalimu akaniletea maji.

Nimekifuta, neno la siri nimebadilisha, simu mbili za ajabu nimezitoa, hatua mbili nimewasha. Ukurasa nimeshatuma maombi, wamenitaka picha ya uso wangu, nasubiri. RB ninayo. Laini zote kwenye *106# ni zangu.

Wateja nimeshawapigia thelathini na nane, wengine naendelea kesho. Wawili walikuwa wanajiandaa kutuma pesa leo.

Yule wa Mikumi nimempakilia doti zake mbili kwenye basi la asubuhi. Amenipigia, zimefika.