La Règle du jeu au Gosford Park: ipi imeuonyesha vizuri zaidi mkesha wa mabadiliko?

Mtazamaji:
Ndugu zangu, naomba tuzilinganishe La Règle du jeu ya Jean Renoir (1939) na Gosford Park ya Robert Altman (2001), ambayo visa vyake vinatokea Novemba 1932. Zote mbili zinawakusanya mabwana na watumishi wengi katika jumba moja la shambani, zote zina uwindaji, na katika zote kuna anayeuawa. Mimi naipa nafasi ya kwanza ya Renoir, kwa kuwa alipoitengeneza Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa bado havijaanza, na hata hivyo hatari imetanda katika kila tukio. Tazameni uwindaji wa Sologne, eneo la mashambani la Ufaransa: wasakaji wanagonga miti kwa fimbo wakiwaswaga wanyama kuelekea kwenye bunduki, na kamera inakaa na sungura mmoja mpaka amalize kutetemeka. Baadaye rubani Jurieux anapigwa risasi kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine, na mwenye nyumba anawatangazia wageni kwamba ilikuwa ajali. Watazamaji wa Paris waliizomea filamu hiyo Julai, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikaipiga marufuku.

BintiMrima:
Ndugu Mtazamaji, sina ubishi na uwindaji huo. Lakini tukizungumzia mabadiliko ya jamii, hatuna budi kuuliza yanatazamwa kwa macho ya nani, na Altman anasimulia kutoka upande wa watumishi. Huko chini, katika vyumba vya watumishi, mtumishi aliyefuatana na mgeni hupokonywa hata jina: Mary anaitwa Miss Trentham kwa sababu anamtumikia Lady Trentham. Sir William, mwenye jumba, aliwapa mimba wafanyakazi wa kike wa viwanda vyake na watoto wao wakaishia katika nyumba ya yatima, kisha inspekta anayechunguza kifo chake anasema hana haja na watumishi, ilhali jibu lote wanalo wao. Dharau hiyo peke yake inatosha kutueleza kwa nini utaratibu ule haukuweza kudumu.

Mzee wa Sinema:
Dada BintiMrima, ni kweli, ila usiisahau meza ya watumishi kwa Renoir. Wanateta kuhusu asili ya Kiyahudi ya bwana wao, na mpishi anamtetea kwa hoja ya saladi ya viazi: bwana alimkaripia kwa sababu divai nyeupe haikumiminwa viazi vikiwa bado vya moto, basi huyo ndiye bwana anayejua mambo. Tukio zima ni fupi, na watu wanaendelea kula. Marcel Dalio, aliyecheza nafasi ya bwana huyo na ambaye mwenyewe alikuwa Myahudi, alilazimika kuikimbia Ufaransa mwaka 1940. Altman aliijua historia alipoanza kazi; Renoir aliisikia ikija, tena midomoni mwa watumishi wenyewe.

BintiMrima:
Hapo umenigusa, Mzee wangu. Nakubali kwamba Renoir amezama zaidi, ingawa kwa kumwelewa mtumishi kama mtu bado nasimama na Altman, hasa kwa ajili ya Bi Wilson, msimamizi wa watumishi wa jumba hilo.

Mtazamaji:
Anayetaka kuzitazama zote aanze na Gosford Park, kwani fumbo la mauaji litamsaidia kuwazoea wahusika wengi. Ya Renoir aitafute katika nakala iliyounganishwa upya mwaka 1959. Iliyotangulia ilikatwakatwa sana.