Mafundi ving'amuzi Mwanza, acheni kuwauzia watu boksi jipya wakati ubovu uko kwenye waya!

Wakuu, hili limezidi. Mtu yuko Mabatini, Igogo au Bugarika, picha inaganda, sauti inakatakata, anaita fundi. Fundi hapandi juu ya bati, hagusi antena, hafungui hata koneksheni moja. Anabonyeza rimoti mara mbili, anatangaza king'amuzi kimekufa, toa hela ya kipya. Kinaletwa kipya, picha inaganda vilevile. Huo ni wizi wa mchana kweupe.

Mitambo ya analojia Mwanza ilizimwa mwishoni mwa Februari 2013. Mpaka leo fundi anayelipwa hajui tofauti yake na dijitali? Zamani mawimbi yakipungua ulipata chenga, lakini mpira uliuona. Dijitali haina chenga. Yakitosha picha ni safi, yakishuka chini ya kiwango inakatika vipande vipande, kisha kioo cheusi. Ndiyo maana boksi linalogandisha picha mara nyingi ni zima. Ingia kwenye menyu uangalie mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu ikiwa juu huku ubora uko chini au unapanda na kushuka, anza kutafuta nje.

Na kwa mji huu wa milima na mawe, nje ndiko kwenye kazi. Nyumba iliyojificha nyuma ya jabali haiuoni mnara, inapokea mawimbi yaliyogonga mlima mwingine yakarudi. Kumuuzia mtu wa huko antena ya kuweka juu ya kabati ni kumwibia. Anahitaji ya nje, ya UHF (masafa ya juu yanayobeba TV ya dijitali), mlingoti uvuke bati. Zile za zamani zenye fito ndefu za sentimita 70 na zaidi ni za VHF, masafa ya chini zaidi. Fito za UHF ni fupi, sentimita 25 hivi. Kama fito zilale au zisimame, inategemea mnara unavyorusha, kwa hiyo tazama antena ya jirani inayoshika vizuri. Geuza kidogo kidogo, na kila ukigeuza subiri sekunde chache, maana mstari wa ubora huchelewa kusoma.

Sasa waya, ambao ndio hamtaki kuugusa. Fungua koneksheni ya kule juu kwenye antena. Waya wa katikati ukiwa umeota kutu au ukijani, maji yameshaingia. Mvua na unyevu wa ziwa havisamehi koneksheni iliyoachwa wazi. Kata mpaka ufike penye waya unaong'aa. Menya, acha wa katikati utokeze milimita kama 6, na uzi hata mmoja wa ule wavu wa chuma unaouzunguka usiuguse, ukigusa ni shoti. Kaza, zungushia tepu isiyopitisha maji. Kabla waya haujaingia ndani uache ulegee kama kitanzi, maji yadondokee hapo yasiufuate hadi nyuma ya TV. Waya uwe wa antena wa omu 75, aina ya RG6, si vipande vitatu vilivyosokotwa na kufungwa nailoni.

Splita ya TV mbili inagawa mawimbi nusu kwa nusu. Nyumba iliyokuwa inashika kwa shida itapoteza zote mbili. Busta, kile kikuza mawimbi, nayo ikae karibu na antena. Mkiiweka nyuma ya TV mnakuza na uchafu wote uliookotwa njiani.

Wauzaji wa TV nanyi mmo. Flati imeandikwa DVB-T2 (mfumo wa dijitali wa antena) kwenye lebo, maana yake king'amuzi kimo ndani: chomeka antena, tafuta chaneli zisizofungwa. Mnamfungia mteja na boksi la nini kama hajataka za kulipia? Ikiandikwa DVB-T peke yake, yaani mfumo wa zamani, mwambieni ukweli kwamba haitashika T2. Na mama mwenye TV ya chogo mnampa boksi lenye HDMI tu, alichomeke wapi? Anataka lenye AV: njano picha, nyeupe na nyekundu sauti.

Halafu kuna wanaotoza hela "kufungua chaneli" baada ya mteja kulipia kifurushi kwa simu. Boksi likiwa limezimwa haliipokei amri ya kufunguliwa. Hakiki namba ya kadi, liwashe, liache kwenye chaneli. Hiyo si kazi ya kulipwa.

Wa Buhongwa, Kishiri na Nyamhongolo ambao picha haiyumbi, wekeni hapa antena mmeielekeza wapi na mlingoti una mita ngapi.